Somo la Hesabu: Mtoto Asome Kompyuta, Deni Alipe Nani?



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, viti vya ofisi yetu hapa Bwiza havitoshi. Wenzetu hawaji kwa ugomvi na tajiri, wala hawaji kulipia kadi. Wanakuja na karatasi za benki. Mtoto amefaulu, anataka kusoma kompyuta, chuo kinataka minervali, na benki inataka mdhamini pamoja na barua ya mwajiri. Nao wanatuuliza swali moja: "Hii kompyuta inalipa?"

Yafaa swali hilo tulijibu hapa katika jarida letu. Likijibiwa dirishani mwa benki, aliyelijibu ni muuza mkopo. Likijibiwa mlangoni mwa chuo, aliyelijibu ni muuza masomo. Na tangu mwanzo tunasema kwamba swali lenyewe ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: ikilipa, itamlipa nani na lini? Na kabla haijalipa, deni litakaa shingoni mwa nani?

MADENI MAWILI

Katika nchi tajiri, wanaposema deni la mwanafunzi, wana maana ya kijana aliyekopa kwa jina lake mwenyewe, akasoma, akaajiriwa, ndipo akaanza kulipa. Huko Marekani madeni ya namna hiyo kwa serikali yao peke yake yamepita dola trilioni 1.6. Ni mzigo mkubwa, nao wanalia. Lakini mdaiwa ni yule yule aliyesoma, na malipo huanza baada ya masomo.

Kwetu Burundi hali ilikuwa nyingine. Waliosoma Chuo Kikuu cha Burundi katika miaka ya 1970 na 1980 walisoma kwa buruse ya serikali. Ilikuwa msaada, hairudishwi. Mwezi wa Februari 2018 amri ya Rais iliigeuza buruse hiyo kuwa mkopo, ukaitwa prêt-bourse. Wanafunzi waligoma mwezi wa Machi mwaka huo huo, wakisema kwamba waliingia chuoni kwa masharti mengine. Mgomo haukuzuia mfumo kugeuka. Hilo ndilo deni la kwanza: mwanafunzi anaikopa serikali kwa jina lake, na kulipa ni baada ya masomo.

Deni la pili halina jina katika magazeti, ila sisi tunaliona kila siku. Mtoto hakupata nafasi katika chuo cha serikali, au alipata nafasi lakini si katika fani ya kompyuta. Chuo binafsi kinamtaka. Baba, fundi wa mashine kiwandani, anakwenda kuchukua mkopo wa mshahara. Mama anachukua zamu yake ya likelemba kabla ya wakati. Kiwanja cha mjomba kinawekwa rehani. Hili ni deni la mwanafunzi pia, lakini mdaiwa ni mfanyakazi, na malipo huanza mwezi ujao, kabla mtoto hajajua hata chumba cha darasa lake kiko wapi.

Tofauti ya madeni haya mawili ni kubwa kuliko tofauti ya mishahara yote ya digrii tutakayoitaja hapa. Deni la kwanza linamsubiri mtoto apate kazi. La pili halisubiri mtu.

KALAMU NA KARATASI

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu tunazotumia ni za mfano; kila mmoja aweke za kwake kutoka katika karatasi yake ya mshahara.

Tuseme mwenzetu anapata faranga 250,000 kwa mwezi. Anakopa 3,000,000 ili alipie miaka mitatu ya chuo, kurudisha kwa miezi 36. Afisa wa benki anamwambia: "Riba ni 18 kwa mia kwa mwaka." Mwenzetu anaitikia kwa kichwa, anatia sahihi.

Hapo amekwisha kosea, maana 18 kwa mia ina maana mbili. Maana ya kwanza: riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza deni ni 3,000,000, na riba ya mwezi huo ni 45,000. Deni likipungua, riba nayo inapungua. Kwa njia hiyo atalipa karibu 108,500 kila mwezi, na mwisho wa miaka mitatu atakuwa amelipa karibu 3,904,000. Ukifika mwezi wa 25, deni limeshuka hadi karibu 1,183,000, na riba ya mwezi huo ni kama 17,700 tu.

Maana ya pili: riba inahesabiwa juu ya pesa yote aliyochukua siku ya kwanza, hata kama amekwisha rudisha zaidi ya nusu yake. Basi kila mwaka ni 540,000, kwa miaka mitatu ni 1,620,000. Atalipa kama 128,300 kwa mwezi, na jumla ni 4,620,000. Mwezi ule wa 25 bado analipa riba ya 45,000, juu ya pesa ambayo sehemu kubwa imekwisha rudi mfukoni mwa mkopeshaji.

Maneno ni yale yale, "18 kwa mia", na katikati yake zimepotea zaidi ya faranga 715,000. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kompyuta inalipa, uliza dirishani: riba ni juu ya deni lililobaki, au juu ya mtaji wote? Uombe ratiba ya malipo ya mwezi kwa mwezi, iliyoandikwa. Asiyetaka kukupa ratiba amekwisha kujibu.

Tazameni pia uzito wake. Katika njia iliyo nafuu mwenzetu anatoa 108,500 kati ya 250,000, yaani zaidi ya 43 kwa mia. Katika njia ya pili anatoa zaidi ya nusu. Na kabla benki haijakata, INSS imekwisha kukata. Kodi ya nyumba, chakula, Regideso na minervali ya wadogo vyote vitalishwa na kipande kilichobaki. Wengine watasema kwamba kosa si la mkopo, kosa ni la mshahara. Ni kweli. Amri ya mwaka 1988 iliweka kima cha chini cha faranga 160 kwa siku mjini na 105 mashambani, na zaidi ya miaka 30 baadaye tarakimu hizo zilikuwa bado ndizo zilizoandikwa, wakati 160 hainunui hata andazi. Mapambano ya kima cha chini yanaendelea, wala hatuyaachi. Lakini karatasi ya benki inatiwa sahihi kwa mshahara wa leo, haitiwi sahihi kwa mshahara tunaoudai.

Kuna na bei. Mwaka 2023 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya robo kwa wastani wa mwaka, na mwezi wa Mei mwaka huo Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga mbele ya dola. Mwanafunzi wa kompyuta anaguswa na jambo hili kuliko mwanafunzi wa sheria au wa historia, kwa sababu chombo chake cha kazi kinatoka nje. Laptopu hununuliwa kwa dola hata ukiilipa kwa faranga. Wenzetu wengi wanapopiga hesabu huandika ada ya chuo peke yake. Andikeni pia laptopu, mega za intaneti za kila wiki, na pesa ya usafiri kwa siku ambazo umeme wa nyumbani umekatika na kijana inambidi kutafuta mahali penye umeme.

MIAKA NAYO NI PESA

Gharama kubwa kuliko zote haiandikwi katika risiti yoyote. Ni miaka.

Tuchukue kijana aliyemaliza A2 ya ufundi, fani ya kompyuta. Tayari anajua kufungua mashine, kuweka programu, kuunganisha mtandao wa ofisi ndogo. Hapa Bwiza na upande wa Jabe vijana wa namna hiyo wanakaa katika vibanda, wanatengeneza simu na kompyuta, na wanakula kwa jasho lao. Tuseme anapata 150,000 kwa mwezi. Akienda chuoni kutwa kwa miezi 36, pesa ambayo hakuipata ni 5,400,000. Hiyo inapita mkopo wenyewe.

Akimaliza, kazi haimsubiri mlangoni. Tuseme anatafuta mwaka mzima: 1,800,000 nyingine. Jumlisha na 3,904,000 za benki, katika njia ile nafuu. Inakuwa karibu 11,100,000. Hiyo ndiyo bei ya digrii. Ile 3,000,000 ilikuwa bei ya kuingilia mlangoni tu.

Sasa mshahara. Kama digrii inampa 450,000 kwa mwezi, amezidi ile 150,000 kwa 300,000. Gawanya 11,100,000 kwa 300,000: miezi 37. Miaka mitatu na mwezi mmoja, na baada ya hapo kila faranga ni faida, kwa miaka 30 ya kazi. Hapo hata sisi tungesema, aende. Lakini kama digrii inampa 250,000, amezidi kwa 100,000 tu, na hesabu inakuwa miezi 111, yaani miaka tisa na miezi mitatu. Digrii ni ile ile, deni ni lile lile, kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni mshahara wa kwanza.

Mtu makini atatusahihisha hapa, na ana haki: kijana anaweza kutengeneza simu jioni wakati anasoma, na katika mwaka wa kutafuta kazi hakai bure. Vizuri, apunguze. Lakini naye asisahau upande wa pili. Tangu sheria ya mwaka 2011 ilipoleta mfumo wa BMD, digrii ya kwanza imeandikwa miaka 3 badala ya 4 ya lisansi ya zamani, ila miaka ya kwenye karatasi na miaka ya kwenye kalenda si ndugu. Migomo, mitihani kuchelewa, memwari kukaa mezani mwa mwalimu: kila mwezi unaoongezeka ni mwezi wa chakula, mega na usafiri.

MSHAHARA WA NANI?

Basi tarakimu moja ndiyo inayoamua, nayo ni mshahara wa kwanza. Tuutafuteje?

Msitafute kwa kumtazama mtu mmoja. Kila mtaa una kijana wake aliyesoma kompyuta akaajiriwa na shirika la kimataifa, amejenga, ananunua gari. Anajulikana kwa sababu ni mmoja. Wale waliosoma naye darasa moja hawajulikani, na hao ndio wengi.

Wala msitafute kwa wastani wa nchi nyingine. Tuchukue Marekani, ambako fani hii ilisifiwa kuliko zote. Takwimu zilizotolewa mwaka 2025 na tawi la New York la benki kuu yao zilionyesha mambo mawili kwa pamoja. Wenye digrii ya kompyuta waliokuwa na kazi walipata katika miaka yao ya mwanzo kama dola 80,000 kwa mwaka, ambao ni mshahara wa juu kati ya fani zote. Na wenzao wa fani hiyo hiyo wasio na kazi walikuwa 6.1 kwa mia, juu kuliko waliosoma falsafa. Mambo yote mawili ni kweli. Muuza masomo atakusomea la kwanza tu. Wastani wa mshahara haumhesabu asiye na mshahara.

Hao waliokosa kazi walifika vipi hapo? Kwa sehemu, makampuni makubwa yaliyoajiri kwa pupa yalianza kufukuza: kampuni ya Meta ilitangaza kuwaondoa watu 11,000 mwezi wa Novemba 2022, na Google 12,000 mwezi wa Januari 2023. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili bandia zinazoweza kuandika sehemu ya kazi aliyokuwa akipewa kijana mgeni ofisini. Sisi wa viwandani tunaifahamu hadithi hii. Mashine mpya inapoingia haimwondoi kwanza fundi mkuu. Inaondoa kwanza nafasi ya mwanagenzi. Fundi mkuu wa kesho atajifunzia wapi, hilo tajiri halimhusu leo.

Rudini Bujumbura. Kazi za kompyuta zenye mkataba na mshahara wa mwezi ziko wapi? Ziko katika simu: ONATEL, Econet Leo, na Lumitel iliyoanza mwaka 2015. Ziko katika mabenki. Ziko serikalini na katika mashirika yake, kama OBR inayokusanya kodi tangu ilipoundwa mwaka 2009 na ambayo forodha yake inakwenda kwa mfumo wa kompyuta wa SYDONIA. Ziko katika mashirika ya misaada, ila huko mkataba una umri wa mradi. Viwanda vyetu navyo vina mmoja au wawili wa kutunza mashine za ofisi. Orodha imekwisha haraka, na vyuo vinavyofundisha kompyuta ni vingi kuliko orodha hiyo. Kuna vijana wanaofanya kazi kwa wateja wa ng'ambo kupitia intaneti, na wapo wanaofanikiwa. Hao wanaishi kama wachuma chai: wanalipwa kwa kipande, na kikikosekana kipande hakuna pesa.

Hapa ndipo chama kina kitu ambacho benki na chuo hawana. Katika makampuni yenye mkataba wa pamoja wa kazi, mishahara imepangwa kwa ngazi, na ngazi zimeandikwa kwa cheti: A2, A1, A0. Nakala ziko mikononi mwa wajumbe wetu. Mzazi akitaka kujua A0 wa kompyuta anaanzia wapi, asiulize barabarani. Amuulize mjumbe wa tawi la benki au la simu mambo mawili: aliyeajiriwa mwisho katika kazi hiyo anaanza kwa kiasi gani, na aliajiriwa lini. Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mshahara mzuri ambao mara ya mwisho ulitolewa kwa mtu mpya miaka minne iliyopita si mshahara wa kupigia hesabu.

Na mkishapata tarakimu, pigeni hesabu kwa ile ya chini. Kama deni linalipika kwa mshahara wa chini, endeleeni. Kama linalipika kwa mshahara wa yule jirani mwenye gari peke yake, basi mnacheza bahati nasibu kwa kiwanja cha watoto.

KWA WENZETU WA MASHAMBA

Ndugu zetu wa chai huko Teza na Rwegura, na wa miwa huko Moso kwa SOSUMO, wana jambo lao la kutazama peke yake. Anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Kiangazi kinapoingia, kuanzia mwezi wa sita, jani linapungua, na mkono wa mchumaji ungekuwa mwepesi namna gani hauwezi kuchuma jani ambalo halikuota. Wa miwa wengi ni wa kampeni. Kampeni ikiisha, mshahara umeisha.

Mkopo wenye malipo sawa kila mwezi haukutengenezwa kwa ajili ya pato la namna hiyo. Mwezi wa nne analipa, wa tano analipa, wa nane anakosa, faini inaingia, wa tisa anakopa kwa mtu wa riba ya mtaani ili alipe benki. Hapo deni la chuo limezaa deni jingine, na hilo la pili ndilo linalouza mbuzi na bati za nyumba. Tunawasihi: kama hapana njia nyingine, tafuteni chama cha akiba na mikopo kinachokubali malipo ya msimu, makubwa wakati wa jani na madogo wakati wa kiangazi, na masharti hayo yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya karani haitoshi, karani huhamishwa.

WALIVYOFANYA MAJIRANI

Deni la kwanza, lile la serikali, nalo lataka macho. Wenzetu wa Tanzania wamelijua kabla yetu, maana Bodi yao ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mwenye kazi yakapandishwa kutoka 8 hadi 15 kwa mia ya mshahara wa msingi. Juu yake palikuwa na tozo ya 6 kwa mia kwa mwaka ya kulinda thamani ya pesa.

Tazameni ilivyofanya kazi. Mtu ana deni la shilingi 10,000,000 na mshahara wa msingi wa 700,000. Kwa makato ya 8 kwa mia alilipa 56,000 kwa mwezi, yaani 672,000 kwa mwaka. Tozo peke yake ilikuwa 600,000. Deni likapungua kwa 72,000 tu, baada ya mwaka mzima wa kukatwa! Kwa makato ya 15 kwa mia deni lilianza kushuka, lakini kwa kuukata mshahara vipande. Wafanyakazi wakalalamika miaka mingi. Mei Mosi ya mwaka 2021, sherehe zikiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuifuta ile tozo ya 6 kwa mia. Bila tozo, mtu wetu wa mfano analipa 105,000 kwa mwezi na kumaliza katika miaka minane.

Tuwe wa haki: hoja ya tozo haikuwa ya uongo. Pesa iliyokopeshwa mwaka huu ikirudi baada ya miaka kumi, bei zikiwa zimepanda, mfuko unapungukiwa na wanafunzi wa baadaye wanakosa. Lakini asiyeongezewa mshahara kufuata bei hawezi kuongezewa deni kufuata bei. Yote mawili yafuate, au yote mawili yakae.

Kenya nako, bodi yao ya HELB iliyoanzishwa mwaka 1995 iliweka riba ndogo, 4 kwa mia kwa mwaka, na faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Mwenye deni la 200,000 riba yake ya mwaka ni 8,000. Faini ya mwaka ni 60,000. Na anayechelewa ni nani? Kwa kawaida ni yule aliyekosa kazi. Kwa hiyo mkitazama mkopo wowote, msisome riba peke yake. Someni na ukurasa wa faini.

Kwa upande wetu chama kinataka haya juu ya prêt-bourse: malipo yaanze mshahara unapoanza, yasianze cheti kinapotoka, yawe sehemu ya mshahara, yasiwe kiasi kimoja kwa wote, asiye na kazi asitozwe faini, na kila mdaiwa apewe kila mwaka karatasi ya kumwonyesha alikopa kiasi gani, amelipa kiasi gani, na amebakiza kiasi gani. Kijana wa kompyuta awe wa kwanza kudai jambo hili la mwisho, kwa kuwa yeye anajua kwamba kuitoa karatasi hiyo ni kazi ya dakika moja ya mashine.

KUHUSU WASICHANA

Tumeona jambo ambalo si zuri kunyamazia. Nyumba ina watoto wawili waliofaulu. Mkopo unachukuliwa kwa ajili ya kijana wa kiume, na binti anaambiwa asubiri "deni la kaka yako liishe". Tumekwisha kuonyesha kwamba deni hilo linaweza kuchukua miaka. Akifika zamu yake ana miaka 24, amekwisha kuolewa au anauza mboga Ruvumera. Kama hesabu ya nyumba inaruhusu mmoja tu, basi mpeni mwenye alama za hesabu zilizo bora, maana kompyuta ni hesabu kabla ya kuwa mashine. Mashine haiulizi aliyeketi mbele yake amevaa suruali au kitenge.

Wapo watakaosema kwamba tunawavunja moyo wazazi. Wengi wetu tuliishia darasa la sita, na tunajua uchungu wa kusomewa mkataba na mtu mwingine. Kwa ajili hiyo hasa tunataka karatasi ya benki ya mtoto isomwe mara mbili. Njia zipo ambazo hazina hatari kubwa. Aliye na A2 aanze kazi, asome jioni au mwisho wa wiki, alipie muhula kwa muhula bila kukopa miaka mitatu kwa mkupuo mmoja. Wengine waanze mwaka wa kwanza kwa akiba ya likelemba, na mkopo uchukuliwe mwaka wa pili, mtoto akiwa amefaulu; kwa kuwa wanaoshindwa hushindwa zaidi mwaka wa kwanza, na deni la mtoto aliyeshindwa hulipwa sawasawa na deni la aliyefaulu.

Kuhusu kiwanja, msimamo wetu haubadiliki: nyumba mnayolala isiwekwe rehani kwa ajili ya digrii yoyote, iwe ya kompyuta au ya udaktari. Na anayedhamini mkopo wa mwenzake kiwandani ajue kwamba ametia sahihi ya kulipa. Ulizeni pia kama mkopo una bima, ili mdaiwa akifariki deni lisiwarithi wajane na watoto. Mara nyingi bima hiyo imekwisha kukatwa katika pesa mliyopewa, na familia haijui.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

Kila tawi lichukue saa moja kwa somo hili, mwenye kalamu aandike ubaoni. Chukueni mshahara wa mmoja wenu anayekubali, na mpige upya hesabu ya mkopo wa 3,000,000, kwanza kwa miezi 36, halafu kwa 24. Ni njia gani inayoacha chakula cha mwezi mezani? Wajumbe wa benki na simu walete ngazi ya A0 na ya A2 katika mikataba yao. Tofauti kati yake ni kiasi gani kwa mwezi, na bei ya digrii tuliyoihesabu itarudi baada ya miezi mingapi? Wenzetu wa mashamba waandike pato la kila mwezi kwa mwaka mzima, kisha waonyeshe miezi ambayo malipo ya benki yasingewezekana. Majibu yaletwe ofisini Bwiza kabla ya usajili wa vyuo kufunguliwa, pamoja na nakala ya mkataba wowote wa mkopo ambao bado haujatiwa sahihi. Uliotiwa sahihi uletwe pia, lakini ule ambao haujatiwa sahihi ndio tutakaoanza nao.